Jicho Lililojifunza Kuhesabu Ng'ombe

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Leo, wajukuu zangu, uongo ni mdogo. Mzee, mjukuu wake, fundi na kamera mtakaowasikia ni wa kubuni. Lakini Kayanga ipo, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Watu nitakaowataja kwa majina ni wa kweli, na kila hesabu mnaweza kuirudia wenyewe kwa kalamu. Basi sogeeni.

Palikuwa na mzee mmoja mfugaji, boma lake kando ya barabara iendayo Omurushaka. Alikuwa na ng'ombe tisa wa Ankole, wale wenye pembe ndefu zinazopanda na kupinda hewani. Kila jioni ng'ombe hao walirudi kutoka malishoni kwa kijia chembamba kinachopita mbele ya shamba la migomba. Zamani mzee aliketi kwenye kigoda chake akawahesabu wakipita. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemwingia, na ikifika saa kumi na mbili jioni haoni tena mnyama, anaona weusi unaosogea. Akamwita fundi mmoja kijana wa pale mjini, amfungie kamera juu ya nguzo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kidude chako kitanihesabia ng'ombe?"

"Kitahesabu, babu, kikishafundishwa."

"Kifundishwe nini tena? Si kina jicho?"

"Jicho kinalo, babu. Ila hakijui ng'ombe anaishia wapi na mgomba unaanzia wapi."

Hapo ndipo penye kazi, wajukuu zangu. Ninyi mkitazama kijia kile mnaona ng'ombe, mgomba, bodaboda inapita. Mnaviona vimeshatengana, wala hamkumbuki ni lini mlivitenganisha. Kamera haioni hata kimoja. Inapokea namba tu.

Chukueni daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo. Picha ya kamera imegawanywa vivyo hivyo, ila miraba yake ni midogo mno, na huitwa pikseli. Kamera nyingi za siku hizi hupanga pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisheni: 2,073,600. Kila pikseli imeandikiwa namba tatu, kati ya 0 na 255. Ya kwanza inasema wekundu ni kiasi gani, ya pili ukijani, ya tatu ubuluu. Kwa hiyo picha moja ni namba 6,220,800. Video nayo ni picha nyingi zinazofuatana, na kila moja huitwa fremu. Fremu 25 zikipita kwa sekunde, macho yetu hayazioni moja moja, yanaona mwendo. Dakika moja ina fremu 1,500. Zidisheni tena, mtapata namba 9,331,200,000. Ni zaidi ya bilioni tisa, na katika zote hizo hakuna hata moja inayosema "ng'ombe".

Tuiite kamera hiyo Jicho, tuone lilivyosoma masomo yake manne.

Somo la kwanza lilikuwa kutoa, ile hesabu ya kutoa mliyoianza darasa la kwanza. Fundi alisubiri kijia kiwe kitupu, akapiga picha moja, akaihifadhi. Kisha akaliagiza Jicho: "Kila fremu mpya ikija, itoe kwenye picha hii ya kijia kitupu. Pikseli iliyobadilika sana, ipake nyeupe. Isiyobadilika, ipake nyeusi."

Tazameni pikseli moja kwa karibu. Udongo mwekundu wa kijia ulikuwa na namba 150, 85, 60. Akapita ng'ombe wa kahawia, na pikseli ileile ikasoma 95, 55, 40. Tofauti ni 55, 30 na 20, jumla 105. Fundi alikuwa amesema jumla ikizidi 60 ni mabadiliko. Kwa hiyo pikseli ikapakwa nyeupe, na jirani zake nazo, mpaka juu ya weusi likatokea umbo jeupe lenye miguu minne na pembe. Fundi akafurahi.

Kisha upepo ukavuma. Mnalijua jani la mgomba, halina utulivu. Pikseli iliyokuwa ikionyesha anga, 190, 210, 230, ghafla ikafunikwa na jani la kijani, 50, 110, 45. Tofauti: 140, 100 na 185. Jumla 425. Jani limemshinda ng'ombe mara nne! Na shamba zima lina majani mangapi? Wingu likapita mbele ya jua, kijia chote kikafifia, na kila pikseli ikadai imebadilika. Jioni ile Jicho lilitoa taarifa kwamba wamepita ng'ombe mia mbili.

"Mia mbili!" akasema mzee. "Basi mimi ni tajiri kuliko nilivyojijua."

Msidhani hilo ni la hadithi tu. Huko Serengeti, mwaka 2010, mtafiti Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kutandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Zilijiwasha zenyewe pale kitu chenye joto kilipopita mbele yake. Lakini nyasi zilizochomwa na jua la mchana, zikipepea, nazo ziliziwasha. Hadi mwaka 2013 zilikuwa zimekusanya mafungu milioni 1.2 ya picha, na yaliyokuwa na mnyama ndani yake yalikuwa kama 322,000 tu, zaidi kidogo ya robo. Mengine karibu yote yalikuwa nyasi na upepo. Simba, nyumbu na fisi walikuwa wamejificha ndani ya rundo hilo, na ilibidi mtu awatafute.

Somo la pili lilikuwa kujua mazoea. Mwaka 1999, Chris Stauffer na Eric Grimson wa chuo cha MIT, Marekani, waliandika njia ambayo bado inatumika hadi leo. Walisema kosa ni kudhani kila pikseli ina rangi moja ya kawaida. Pikseli iliyo kwenye ncha ya jani ina mbili: kijani jani likiwa hapo, na rangi ya anga likiondoka. Zote mbili ni za kawaida kwake. Basi kila pikseli itunze kumbukumbu ya rangi chache inazozoea kuziona, pamoja na kiasi cha mara inazoziona. Ikija rangi iliyo kwenye kumbukumbu, pikseli inyamaze. Ikija rangi ngeni, ipige kelele. Na kumbukumbu hiyo isasishwe kila fremu, ili mwanga wa saa nne asubuhi usilipotoshe Jicho saa kumi na moja jioni.

Fundi akaliachia Jicho siku nzima litazame mgomba. Jioni upepo ulipovuma, majani yakacheza yanavyotaka, na ile ramani ya nyeupe na nyeusi ikabaki nyeusi kabisa. Mambo ambayo Jicho limeyazoea huitwa mandharinyuma. Kilichobaki, kilicho kigeni, ndicho linachokitafuta.

Wakaja ng'ombe. Wa kwanza akaonekana vizuri, wa pili akaonekana. Wa tatu alipofika katikati ya kijia akakumbuka nyasi alizoziacha pembeni, akasimama akatafuna. Akatafuna dakika moja, akatafuna tano. Jicho likaanza kumzoea. Rangi yake ya kahawia ikaingia kwenye kumbukumbu ya pikseli, taratibu, mpaka ng'ombe mzima akafutika akiwa amesimama palepale, pembe zake na vyote. Kwa Jicho akawa sehemu ya udongo. Nyuma yake wakaja wawili bega kwa bega, na Jicho likachora doa moja jeupe lenye miguu minane, likasema: "Mmoja." Hesabu ya jioni ile ikawa saba.

"Mia mbili, sasa saba," akasema mzee. "Fundi, mwenzio huyu anabahatisha."

Fundi hakukata tamaa. Tatizo lilikuwa wazi kwake: Jicho lilikuwa linauliza nini kimebadilika, halijauliza kimekwenda wapi.

Somo la tatu, basi, ni la mwendo. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer, nchini Ujerumani, aliandika kuhusu namna macho yetu yanavyokusanya vitu katika makundi. Mojawapo ya kanuni zake ni hii: vinavyokwenda pamoja, tunaviona ni kimoja. Miaka 50 baadaye, mwaka 1973, Gunnar Johansson wa Uppsala, Sweden, alilionyesha jambo hilo kwa namna ya kushangaza. Aliwawekea watu alama za mwanga kwenye viungo, mabegani, viwikoni, magotini na vifundoni, akawapiga filamu gizani wakitembea, hata kisionekane chochote isipokuwa zile nukta. Zikisimama, ni nukta tu zilizotawanyika. Zikianza kusogea, mtazamaji anajua papo hapo: huyu ni mtu anatembea. Nukta kumi na kidogo zilitosha, bila uso wala nguo.

Kompyuta ingefundishwaje kanuni hiyo? Mwaka 1981 zilitoka njia mbili. Moja ilitoka kwa Berthold Horn na Brian Schunck, ya pili kwa Bruce Lucas na Takeo Kanade. Zote mbili zinatafuta jambo lilelile: pikseli hii niliyoiona katika fremu iliyopita, katika fremu hii imehamia wapi? Kila pikseli inapewa mshale wake. Mshale mrefu maana yake imekwenda mbali, mfupi imesogea kidogo. Pikseli za ng'ombe mmoja zote zina mishale ya kuelekea Omurushaka. Mwenziwe anayetembea polepole ubavuni mwake ana mishale mifupi zaidi. Sasa lile doa la miguu minane linakatika vipande viwili, kila kipande na mwendo wake. Na jani la mgomba? Mishale yake inakwenda mbele na kurudi, haifiki popote. Safari haina.

Lakini kuna mtego, nanyi mnaweza kuujaribu leo. Toboa tundu dogo katikati ya karatasi, kisha mwombe mwenzio apitishe nyuma yake kitambaa cha kahawia kisicho na doa. Utaona kahawia, kahawia, kahawia. Kitambaa kinakwenda, na wewe huoni mwendo wowote. Ubavu wa ng'ombe asiye na madoa uko hivyo hivyo, katikati yake hakuna kinachosema umesogea. Mwendo unaonekana kwenye mipaka tu: mgongoni, kwenye pembe, miguuni. Horn na Schunck waliutatua kwa kuongeza sharti kwamba pikseli jirani ziwe na mishale inayokaribiana. Hivyo habari inayoanzia kwenye mpaka inaenea ndani hadi kuujaza ubavu wote.

Mtego wa pili huja kamera yenyewe inapotembea. Mkipanda basi kutoka Kyaka kuja Kayanga, mkakaa dirishani, migomba ya kando ya barabara inapita kwa kasi na vilima vya mbali vinasogea pole pole. Hakuna mgomba uliong'oka ukakimbia, ninyi ndio mnaokwenda. Kompyuta nayo hufundishwa kwanza kutafuta mwendo unaoelezeka kwa safari ya kamera, kisha kuuondoa. Kinachobaki na mwendo wa kwake mwenyewe, hicho ndicho kilicho hai au chenye injini.

Elimu hiyo ya kufuata kila mnyama na mwendo wake inatumika kwa jirani zetu. Mwaka 2023, katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, nchini Kenya, watafiti walirusha droni juu ya pundamilia na twiga. Droni inayumba hewani na wanyama wanachanganyikana. Kwa msaada wa programu, kila mnyama alifuatwa fremu kwa fremu, akakatiwa video yake ndogo ambamo yeye yuko katikati siku zote. Video hizo za saa kama kumi zikaandikiwa kila tendo: huyu anakula, huyu anatembea, huyu anakimbia. Kwa njia hiyo mtu anasoma maisha ya mnyama mmoja mmoja, wala si ya kundi tu. Pundamilia wa Grevy, walio hatarini kutoweka, wanahitaji uangalizi wa namna hiyo.

Turudi kwa Jicho. Jioni ya somo la tatu lilihesabu vizuri mpaka ng'ombe mmoja alipopita nyuma ya mgomba mnene uliochomoza kijiani. Akaingia upande huu, akapotea, akatokea upande wa pili. Jicho lilikuwa limempoteza. Alipotokea, lilimpokea kwa heshima zote za mgeni na kumpa namba mpya. Jumla kumi.

"Sasa umenipa mmoja wa jirani," akasema mzee.

Somo la nne, wajukuu zangu, ndilo refu kuliko yote, nalo limefundishwa kwa mikono ya watu.

Huko Bweranyange, yalikokuwa makao ya watawala wa Karagwe, wahunzi wa zamani walifua ng'ombe wadogo wa chuma. Rumanyika, mtawala aliyewapokea wasafiri Speke na Grant mwaka 1861, alikuwa na hazina ya vitu hivyo. Ng'ombe hao hawana rangi, hawatembei, hawana malisho chini yao. Lakini ukiziona pembe zile unajua mara moja umeona nini. Mhunzi alilijua umbo. Jicho letu mpaka hapa lilijua mabadiliko na mwendo. Umbo lilikuwa bado.

Umbo kompyuta hulijifunza kwa mifano. Mtu anakaa mbele ya picha, anachora mstari kuzunguka ng'ombe, pembe kwa pembe, kwato kwa kwato, kisha anaandika: ng'ombe. Anachukua picha nyingine, anarudia. Programu inayojifunza, iliyojengwa kwa namba nyingi zinazoweza kurekebishwa, inaonyeshwa picha bila mstari na kuambiwa ikisie. Mwanzoni inakisia ovyo. Makisio yake yanawekwa juu ya mstari wa mtu na kosa linapimwa.

Kipimo chenyewe mnakiweza. Tuseme mtu amesema ng'ombe yuko kwenye miraba 40, na mashine imesema 36. Miraba waliyokubaliana wote wawili ni 32. Miraba yote iliyotajwa na mmoja wao au wote ni 40 kujumlisha 36 kutoa 32, yaani 44. Gawanya 32 kwa 44, unapata asilimia 73 hivi. Mashine inarekebisha namba zake za ndani kidogo sana, ili safari ijayo ipate 74. Inarudia mara maelfu kwa maelfu. Hakuna anayeiambia "pembe ni kitu kirefu kilichopinda". Inalifikia hilo yenyewe, kwa kukosea na kusahihishwa.

Mwaka 2017 Kaiming He na wenzake, waliokuwa kwenye maabara ya utafiti ya Facebook, walitoa njia iitwayo Mask R-CNN, inayochora mpaka wa kila kitu peke yake, hata vikiwa vya aina moja na vimebanana. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo, ambayo sasa inaitwa Meta, ilitoa programu iliyofunzwa kwa picha milioni 11 zenye mipaka zaidi ya bilioni moja. Mwanzoni watu walichora wakisaidiwa na mashine. Ilipozidi kupata ujuzi, mashine ikaendelea kuchora na watu wakakagua ubora.

Mwaka 2024 likaja toleo la video, lililofunzwa kwa video kama 51,000 kutoka nchi 47. Hilo lina jambo ambalo Jicho lilikuwa likilikosa kwa mzee wetu: lina kumbukumbu ya kitu kizima. Likionyeshwa ng'ombe katika fremu ya kwanza, linatunza sura yake na mpaka wake. Kila fremu mpya inalinganishwa na kilichotunzwa. Ng'ombe akiingia nyuma ya mgomba, programu inaweza kukiri kwamba kwa sasa haonekani, nayo isimsahau. Akitokea upande wa pili, inamlinganisha na kumbukumbu yake na kumtambua kuwa ni yuleyule.

Na zile picha za Serengeti? Watu zaidi ya 28,000 duniani walijitolea kuzipitia kwenye intaneti wakiandika huyu nyumbu, huyu swala, hapa hakuna kitu. Majibu yao yakawa vitabu vya kufundishia. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba mashine iliyosomeshwa kwa picha milioni 3.2 za namna hiyo, zenye aina 48 za wanyama, iliweza kushughulikia asilimia 99.3 ya picha kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na wale waliojitolea. Kazi iliyookolewa ingemchukua mtu mmoja zaidi ya miaka minane. Mashine ilipata sifa, na ilistahili. Walioipa macho ni watu 28,000 walioketi wakatazama.

Fundi akalifundisha Jicho somo hilo, na jioni ikafika. Upepo ukavuma, majani yakacheza, Jicho likanyamaza. Wawili wakapita bega kwa bega, likaandika wawili. Mmoja akasimama akatafuna, likamsubiri. Mmoja akapita nyuma ya mgomba, likampokea kwa namba yake ya zamani. Ng'ombe wakaisha.

"Wangapi?" akauliza mzee.

"Wanane, babu."

Mzee akatikisa kichwa. "Wa mwisho kupita ni yupi?"

"Yule mwekundu mwenye baka jeupe kifuani."

"Huyo ananyonyesha. Hawezi kurudi nyumbani bila ndama wake. Tazameni upande wake wa pili."

Fundi akairudisha video nyuma. Mjukuu wa mzee, msichana wa darasa la sita, akainama karibu na kioo. Chini ya tumbo la mama, katikati ya miguu yake minne, kulikuwa na miguu mingine minne myembamba, ikienda hatua kwa hatua naye. Rangi ileile, mwendo uleule, mahali palepale. Kila kanuni Jicho liliyofundishwa ilisema huyu ni mnyama mmoja.

Msichana akanyoosha kidole, akachora juu ya kioo mpaka wa ile miguu myembamba, fremu baada ya fremu. Alianzia pale ndama alipomtangulia mama kidogo na kuonyesha pua, akaishia pale walipoingia zizini. Fundi akalirudishia Jicho mistari ile kuwa mfano mpya. Kisha msichana akaandika kwenye daftari lake: tisa.

Wajukuu zangu, hilo ndilo nililotaka mlichukue. Mabadiliko, mazoea, mwendo na umbo, vyote vinne mashine inaweza kufundishwa, na inavifanya upesi kuliko yeyote kati yetu. Lakini mpaka kati ya kitu na kitu inaujua kwa sababu kuna mtu aliyewahi kuujua kabla yake akaukalia na kuuchora. Asipokuwepo mtu wa kuichorea ndama wa Ankole aliye ubavuni kwa mama yake, itaendelea kumkosa, huku ikitaja jumla yake kwa uhakika kabisa. Picha nyingi za kufundishia zinatoka mbali, ambako ng'ombe wana pembe fupi au hawana kabisa, na migomba haiko kila upande.

Kazi ipo karibu nanyi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya mkoa wa Kagera na jirani yake yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Wanyama wa humo watahitaji kuhesabiwa na kufuatiliwa mwaka hadi mwaka, katika vichaka na mabonde ambayo wenyeji wanayajua kuliko programu yoyote. Mtoto wa Kyerwa anayejua pongo anavyosimama kichakani ana elimu ambayo haijaandikwa ndani ya kompyuta.

Mjifunze na adabu yake pia. Kamera inayoweza kumtenga ng'ombe na mgomba inaweza kumtenga mtu na umati wa sokoni, na kumfuata bila yeye kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni yake. Ng'ombe ukitaka kumpiga picha, mwombe mwenye ng'ombe. Mtu ukitaka kumpiga picha, mwombe mwenyewe.

Sasa jaribuni. Mkiazima simu ya mama au ya mjomba, iegemezeni kwenye jiwe isitikisike, mrekodi mbuzi, kuku au ng'ombe kwa dakika moja kwa ruhusa ya mwenyewe. Simamisheni video mahali pamoja. Mmoja wenu amchore mnyama huyo kwenye daftari la miraba, kisha mwenzake afanye vivyo hivyo kwenye daftari lake bila kuchungulia. Hesabuni miraba mliyokubaliana, gawanyeni kwa miraba yote mliyoitaja. Hamtapata asilimia 100. Mtaelewana kuhusu tumbo na mgongo, na mtabishana kuhusu mkia unaishia mraba upi. Msiharakishe kuumaliza ubishi huo. Tazameni video tena, songeni fremu moja mbele na moja nyuma, mpaka mjue kwa hakika, kisha ndipo mchore mstari.